Kioo Kinachoona Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Najuta kumkaribisha mwanyumba jana. Mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu, mtu mpole kupita kiasi, na wapole ndio wa kuogopwa. Kaja kutusalimu. Badala ya kukaa akanywa chai kama binadamu, kachukua ndoo akaosha gari la marehemu baba mkwe. Hakuombwa! Kaosha mpaka matairi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anamtazama. Jioni akatangaza kwamba Jumapili, familia ikikaa, atasema ni yupi kati ya wakwe zake wawili atakayekabidhiwa gari moja kwa moja. Sharti ni moja: mwenye gari ndiye atakayempeleka yeye popote anapokwenda.

Gari limekaa kwangu tangu Mzee afariki. Nimelizoea. Na humu ndani hakuna anayesoma, kwa hiyo naweza kusema kwamba nimemzoea mama mkwe pia. Ananiita "mwanangu". Mwanyumba, mama mkwe anamwita "baba". Nimefikiri siku nzima cheo kipi ni kikubwa.

Kuosha gari kila mtu anaweza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ni kinyozi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi umeme wa magari. Ana kioo cha kisasa! Kinafungwa pale pale pa kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, lakini si kioo, ni skrini. Kamera inakaa nyuma ya gari. Taa za magari ya usiku hazikuumizi macho. Ukijaza mizigo mpaka darini bado unaona barabara. Na kinasema.

Nikamuuliza fundi kama kinafaa kuliko cha kawaida. Akaniuliza kama cha kawaida kiliwahi kunikosesha kitu. Nikasema hakijawahi. Akasema basi. Sikuipenda hiyo "basi". Fundi gani hataki kuuza?

Nikamwambia afunge. Fedha ya ufundi ilipungua, nikamwachia kile cha zamani. Kioo kitupu, kimebanduka kona moja, kinaonyesha kilichopo halafu kinanyamaza. Hata sikukitazama mara ya pili.

Jioni nimemzungusha mke wangu kwa gari. Kioo kikasema, kwa sauti ya kike, nidumishe umbali. Akauliza huyo ni nani. Nikaeleza. Akasema anampenda, maana anarudia yale ambayo yeye ameyasema tangu tuoane. Halafu akaongeza kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwenye wivu hajibiwi.

Najuta jambo moja tu: kilikuwepo kikubwa zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Kioo hakina kosa. Kosa ni macho yangu. Cha zamani nilikitazama tu nikaona. Hiki kiko karibu na uso kama gazeti, bila miwani naona uji. Nikivaa miwani, kioo kinang'aa, uji unahamia barabarani. Nimepata ufumbuzi: miwani ncha ya pua, kidevu juu kwa kioo, kidevu chini kwa barabara. Shingo inauma.

Nikirudi nyuma mbele ya kibanda changu cha kunyolea niliona ndoo ya jirani, fundi cherehani, iko mbali sana. Haikuwa mbali. Ilipokwisha kupasuka, yule mwanamke wa kiooni akasema kuna kizuizi nyuma.

Nani anapita muda huo huo? Mwanyumba, na pikapu yake ambayo kioo cha pembeni kimefungwa kwa tepu nyeusi. Akashuka, akanisaidia kuokota vipande, akasema kioo chake hakina umeme lakini ndoo kinazifahamu. Fundi cherehani akacheka mpaka akashika ukuta.

Najuta. Kamera ilipaswa kufungwa chini kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo yamenikuta. Nitaandika taratibu.

Asubuhi nilimpeleka mama mkwe kliniki kupimwa presha. Akakaa nyuma, mahali pake pa siku zote. Presha ikakutwa nzuri. Wakati wa kurudi nikaingia kituo cha mafuta, nikaenda dirishani kulipa, nikarudi, nikafunga mkanda, nikatazama kioo. Safi kabisa! Barabara yote ya nyuma, mpaka lori la matofali kule mbali. Nikaondoka.

Njiani nikaanza kumweleza sifa za kioo. Usiku. Mvua. Mizigo. Kimya. Nikajua yanamwingia. Nikapiga moyo konde, nikagusia habari ya Jumapili: kwamba sisemi kwa ubaya, lakini wapo watu humu duniani ambao vioo vyao vinashikiliwa na tepu. Kimya. Mama mkwe ambaye humkata mtu kabla hajamaliza salamu, leo ananisikiliza mpaka mwisho! Machozi ya furaha yalinilenga.

Tukafika. Nikazunguka kumfungulia mlango, kwa adabu, nikainama kidogo. Kitini palikuwa na mkoba wake.

Mimi nalipa, yeye alikuwa ameshuka kwenda msalani. Kioo cha zamani kingenionyesha kiti kitupu kabla sijawasha gari. Hiki kinaonyesha nje tu. Kimeliona lori la matofali, mama mkwe hakikumwona.

Nikageuza gari mbio, mwanamke wa kiooni akinisihi nidumishe umbali. Katikati ya safari nikapishana na pikapu. Mama mkwe amekaa mbele, kanyooka. Mwanyumba alikuwa amekwisha kumpita pale kituoni, akamwona mama kwenye kile kioo cha tepu, anapunga mkono. Akapiga rivasi kumchukua.

Mama wa watu! Kasimama juani, simu imo mkobani na mkoba umo garini, anatazama gari la mumewe linaondoka. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kumwomba radhi mama mkwe. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Aliniuliza kitu kimoja: kioo cha Mzee kiko wapi.

Kisha akanieleza. Watoto walipokuwa wadogo walikuwa wakipigana njia nzima, ikabidi awe anakaa nao nyuma. Watoto wakakua, wakaolewa, na kiti cha mbele kikawa wazi, lakini yeye hakuhama. Alishazoea macho ya Mzee kwenye kile kioo. Mzee hakuwa msemaji. Likipita gari la mwendawazimu, anainua nyusi kiooni, naye huku nyuma anacheka. Baada ya msiba aliendelea kukaa pale pale. Akasema macho yangu si ya Mzee, lakini yalikuwa macho, na kila baada ya muda yalimtazama. Jana alipoingia garini alikuta pale pa macho pana picha ya magari ya watu wengine.

Nikasema kioo kiko kwa fundi kinagundishwa kona. Ulimi huu! Wenyewe ulijisemea.

Nikakimbilia kwa fundi. Hakipo. Amekiuza. Nani kakinunua? Mwanyumba. Alikiona kwenye sanduku la vyuma chakavu, akakitambua kwa ile kona. Kikulacho ki nguoni mwako.

Majuto ni mjukuu. Wangu wamekuja pacha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mwanyumba na mpango. Nilimweleza uongo wangu wa kugundisha kona, nikamwomba aniuzie kioo kwa siri, nikifunge leo, kesho asubuhi kikutwe mahali pake kana kwamba hakikutoka. Kwa shukrani ningemnyoa bure mwaka mzima.

Akavua kofia. Ana upara. Miaka yote hii sikulikumbuka hilo!

Akasema kioo si chake hata akiuze, ni cha mama, atakileta mwenyewe kesho. Nimeelewa. Kesho ataniumbua mbele ya ukoo. Mke wangu anasema nimtangulie, nikaseme mwenyewe yaliyotokea kabla hajasema yeye. Wanawake hawajui mikakati.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba alikuja na kioo amekifunga kwenye kitambaa. Nikasubiri kuumbuliwa. Akampa mama mkwe kwa mikono miwili, akasema kilikuwa kwa fundi kinagundishwa kona, nami nilimtuma akichukue.

Akanitetea! Nilimtazama nione anacheka wapi. Hakuwa anacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale, watu wote wamekaa, na mdomo nilikuwa nao. Nikanywa maji.

Mama mkwe akatamka bila kuzunguka. Gari ni la mwanyumba. Akasema hana kinyongo na mimi, ila umri umekwenda, na anataka dereva atakayejua kama amesinzia, amelia, au hayumo. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Mwanyumba akakifunga kioo mwenyewe. Mama mkwe akapanda nyuma, akaomba wazunguke kidogo tu. Nilibaki getini, kioo cha kisasa kwapani, waya zinaning'inia. Gari lilipogeuka nilimwona mwanyumba anainua nyusi kwenye kioo cha Mzee, na mama mkwe akacheka akajifunika mdomo kwa khanga. Tangu msiba sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Miezi yote ile nilimwendesha, wala sikujua kwamba alikuwa akingoja niinue nyusi tu.

Alipopita aliniaga. Kaniita "mwanangu". Nimelia chooni, mke wangu akagonga akauliza kama naharisha.

Jumatatu, 10 Machi

Sikulala, lakini nimepata jibu. Kosa halikuwa kioo. Kosa lilikuwa kamera moja! Ningefunga ya pili, ya kutazama kiti cha nyuma, leo funguo zingekuwa mfukoni mwangu. Najuta sana kwa kutolifikiria mapema.

Si neno, mali haiozi. Nimekipeleka kioo kibandani kwangu. Skrini nimeitundika mbele ya mteja, kamera iko nyuma, ataona kisogo chake kinavyonyolewa, saa zote, bila mimi kumshikia kitu. Kinyozi gani hapa mtaani ana hicho?

Mteja wa kwanza amelalamika kwamba mbele haoni uso wake. Atazoea. Vile vioo vya ukutani nimevibandua vyote, na fundi amekubali kuvipokea badala ya fedha ya ufundi.