Midomo Mia Sita na Kumi na Nne

Jumanne, 4 Machi
Shangazi, mwenye kliniki ya meno na mlezi wangu, ametangaza: atakayeleta wagonjwa wengi ndiye msimamizi. Tuko wawili tu. Mimi wa mapokezi, na nesi, anayejifanya hajali. Anajali! Kwa siri nimewaandikia wagonjwa wote ujumbe wa simu: Jumamosi kusafishwa meno bure, kumi wa kwanza tu. Ukazidi herufi zinazoruhusiwa. Nikakata "kumi wa kwanza tu". Nikapakia orodha ya namba kutoka kwenye kompyuta, nikaongeza kwa mkono namba ya babu mmoja aliyejiandikisha leo, nikabonyeza. Ripoti papo hapo: "Zimepokewa na mtandao: 614." Zote! Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Sikuusoma. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka na hesabu kichwani. Midomo mia sita na kumi na nne. Viti viwili. Daktari mmoja, ambaye ni shangazi, ambaye hajui. Alishaniambia nikiharibu tena atanirudisha kwa kaka yake, yaani baba, na baba kashasema hanipokei. Chakula hakipiti. Nesi akauliza nina nini. Nikasema jino. Akataka kuling'oa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeazima mabenchi manne kwa seremala jirani. Shangazi akauliza ya nini. Nikasema yanapendezesha. Nikamshauri kesho apumzike, asije kabisa. Akanitazama weee, kisha akasema atafika saa moja kamili. Maji yamenifika shingoni. Nimefungasha nguo.

Jumamosi, 8 Machi
Saa moja, hakuna mtu. Saa mbili, hakuna. Saa tatu akaingia yule babu, peke yake, akasema ameitwa kusafishwa meno bure. Anayo matatu. Shangazi akacheka, akamsafisha kwa dakika nne, akasema wazee wanastahili. Basi!

Nesi akanivuta pembeni, nikakiri yote, akataka kuiona ripoti, akashuka nayo hadi chini. "Zimefika kwenye simu: 1." Akanieleza taratibu, kama kwa mtoto: mtandao kuupokea ujumbe si simu kuupata. Tarishi kabeba barua, bado hajapiga hodi. Namba zote za orodha zilikuwa hazina sifuri ya mwanzo, kompyuta imezimeza sifuri hizo. Iliyopona ni ya babu, niliyoiandika mwenyewe. Lo! Nikaketi kwenye benchi nikacheka mpaka machozi. Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Nesi kaahidi kunyamaza, mradi usimamizi niusahau. Nikakubali hata kabla hajamaliza. Mchana nimekula sahani mbili.

Jumapili, 9 Machi
Usingizi mtamu ajabu. Nguo zimerudi kabatini. Moyo mweupe. Ila dhamiri inanisuta kidogo: watu mia sita na kumi na tatu walikosa usafi wa meno, tena bila kosa lao. Muungwana huomba radhi. Nimerudisha sifuri zote, moja moja, asubuhi nzima. Kisha nikaandika: "Samahani kwa wote mliokosa kusafishwa meno bure jana. Njooni Jumamosi ijayo, nafasi yenu ipo."

Safari hii nimesoma mpaka mstari wa chini, kwa makini, kidole juu ya kioo. Zimefika kwenye simu: 613.

Nesi na aseme tena kwamba sijui kusoma ripoti!