Busu la Tatu la Bi Léonie

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya soko. Ukungu, baridi ya kukata masikio. Wiki nzima sasa nipo Vernasse kwa dada yangu Mathilde, na sababu si Mathilde. Sababu ni Bi Léonie, mjane anayeuza jibini la mbuzi mbele ya kanisa. Nataka Jumamosi ijayo twende wote kwenye karamu ya divai mpya. Leo nikamsalimu: busu shavu la kulia, busu la kushoto, basi, kama kwetu ng'ambo ya mto. Kumbe huku ni matatu! Masikini, akabaki kanyoosha shavu hewani, macho kafumba, foleni nzima inatazama. Gaspard, muuza vitunguu vya liki wa meza ya pili, akauliza kwa sauti kama kwetu mabusu yanagawiwa kwa mgao. Aibu! Hata jibini nimesahau kununua.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepata dawa: mazoezi. Nimefanya na mlango wa kabati. Kulia, kushoto, kulia. Mara thelathini. Mathilde akaingia na mashuka. Akasema kabati hilo ni la marehemu mama mkwe wake, nilishike kwa adabu. Hana huruma huyu.

Jumapili, 16 Novemba

Upelelezi. Nilijibanza mkahawani watu wakitoka kanisani, nikamhesabia Gaspard mabusu akimsalimu Bi Léonie. Matatu, yote kwa mlio! La tatu analipeleka karibu na sikio, mjanja yule. Nikaandika kila kitu. Ncha ya skafu yangu ilikuwa ndani ya kahawa muda wote huo.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimenyoa ndevu, nimepaka manukato. Nikainama juu ya meza yake. Kulia. Kushoto. Nikaenda la tatu kwa moyo wote, shavu halipo! Bi Léonie kesharudi nyuma. Nikaangukia jibini bichi, masharubu yote ndani.

Gaspard akacheka mpaka akashikilia meza. Bi Léonie akamwambia, "Nyamaza wewe, liki zako zinaganda!" Kisha akanifuta uso kwa aproni yake, taratibu. Akasema wiki nzima alikuwa akiulizia desturi ya kwetu, akaambiwa ni mawili, akajizoeza ili nisijione mgeni. Akasema, "Jumamosi uje kunichukua saa moja jioni twende karamu ya divai, Bwana Anselme. Na usimame tu utulie. Nitakupa moja, langu mwenyewe."

Moja! Wiki iliyopita nilistahili matatu, leo moja! Nimeshushwa daraja, na mkono wa Gaspard nauona. Lakini hanijui. Nasikia kule juu ya bonde wanapeana mabusu manne. Jumamosi nitamwahi Bi Léonie nayo mlangoni, kabla hajafungua mdomo.

Mathilde amelifunga kabati kwa ufunguo. Nimeanza na jokofu.