Aina Sita za Watu na Chai Yangu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimerudi kutoka semina ya Kericho nikiwa mtu mwingine. Kuanzia leo mimi ndiye mwalimu wa ushauri wa kazi hapa shuleni. (Wenzangu wote walikataa cheo hicho. Shauri yao.) Nadharia yenyewe ni tamu ajabu! Watu wako wa aina sita, na kazi vilevile. Kuna wa mikono, wa utafiti, wa sanaa, wa kusaidia wengine, wa biashara, na wa kupanga mafaili. Mpe mtu kazi ya aina yake, atafurahi mpaka astaafu. Niliwaeleza walimu saa ya chai. Madam Bosibori wa hesabu akauliza nitajuaje nani ni wa aina gani na karatasi za kupimia hatuna. Staffroom nzima ikacheka. Nilimjibu kwa kunyamaza. Sidhani alielewa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Mtu humjui kwa karatasi. Unamjua akiwa kazini. Na kazi ambayo kila mtoto wa huku Litein anaijua ni kuchuma chai. Kwa bahati nzuri, shamba langu limepakana na uwanja wa shule. Kwa bahati nzuri tena, Masese anayetuchumia ameenda matanga kwao Nyamira, chai imezidi kukomaa, na mke wangu Chemutai amekataa kunisemesha kwa sababu hiyo. Lakini hayo ni mambo ya pembeni. Sayansi kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Kidato cha nne wote ndani ya chai, vikapu mgongoni, mimi nimesimama kando na filimbi. Nelvine alichuma majani mawili na chipukizi, akayageuza na kuyakagua kabla ya kuyatupa kikapuni. Utafiti, bila shaka! Kipchoge hakuchuma hata jani, aliwashawishi wenzake wamjazie kikapu. Biashara. Robert aliimba tu. Sanaa. Waliobaki walishindana nani atamaliza mstari kwanza, wakang'oa mpaka matawi. Hao nikasema ni wa mikono.

Alasiri tukapeleka mzigo kwenye kituo cha kununulia chai. Aibu! Karani alimwaga kikapu cha kwanza mezani, akatazama, kisha akawaita majirani nao waje watazame. Majani magumu, vijiti, soksi moja. Akaniuliza kama nilichuma kwa panga. Chai yote ikakataliwa mbele ya foleni nzima, Madam Bosibori akiwemo na kikapu chake safi. Lori la kiwanda likaondoka bila hata jani langu. Nimemwaga kila kitu kwenye shimo la mbolea. Angalau Chemutai ameanza kunisemesha. Ameniuliza mimi ni wa aina gani kati ya hizo sita.

Alhamisi, 6 Juni

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Alisema wazazi wamelalamika kwamba watoto walitumwa shule, si kumchumia mwalimu chai. Kesho kuna mkutano wa wazazi, na wakinikataa, ataniombea uhamisho. Nikamuuliza wapi. Akasema mbali, mahali ambapo chai haioti.

Kuhama! Nyumba niliijenga mwenyewe. Vichaka nilivipanda mwenyewe, na Chemutai akiwa mjamzito akinishikia miche. Nani alipeleka maneno? Bosibori, nani mwingine!

Lakini mimi si wa kulala. Kesho ni siku ya lori. Hakuna mzazi wa huku atakayebaki kikaoni akisikia honi ya lori la chai, maana likimwacha, chai yake inaharibika. Nimemsihi Mkuu mkutano uwe alasiri, eti wazazi wapate nafasi ya kuchuma kwanza. Amesifu busara yangu. Mimi nitafungua kwa hotuba ndefu, honi italia, watakimbia, kesi imekwisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nilifungua kwa nadharia ya pili, ya hatua za maisha ya kazi. Mtu hukua, hujaribu, hutulia, hushikilia, kisha huchoka. Nikakaa sana kwenye kukua. Hakuna honi. Nikajaribu, nikatulia. Hakuna honi! Nikashikilia mpaka sauti ikakauka. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope huko mtelemkoni, na mimi sikujua. Nilipofika kwenye kuchoka, wazazi wote walikuwa wamefika huko kabla yangu.

Ndipo mama yake Nelvine akasimama. Akasema hotuba ameisikia, sasa aambiwe mimi, mwalimu Kipyegon, nilipata nini kwa jasho la mtoto wake. Mkuu akanitazama.

Madam Bosibori akainua mkono. Nikajua nimekwisha. Akasema yeye alikuwepo kituoni, na mwalimu hakupata hata jani. Akaeleza yote, vijiti, panga, mpaka soksi. Wazazi walicheka wakajifuta machozi. Kisha mzee mmoja mstari wa mbele akaacha kucheka, akatikisa kichwa, akaniambia, “Kukataliwa chai mbele ya watu! Pole sana, mwalimu.” Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kurudi nyumbani na kikapu kilichokataliwa. Wakaanza kunipa pole mmoja mmoja. Mama yake Nelvine alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema nimeadhibiwa vya kutosha. Akaongeza kwamba binti yake sasa anakagua hata mboga za nyumbani.

Siendi popote! Mkuu ameniapisha mbele ya wazazi kwamba hakuna mwanafunzi atakayekanyaga tena chai yangu. Niliapa kwa moyo mweupe. Nilitembea mpaka nyumbani nikiimba kumshinda Robert.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala mpaka jua likaingia chumbani. Chemutai amenipikia mayai. Moyo mwepesi kabisa.

Nimefikiria sana kuhusu Bosibori. Kumbe ni wa aina ya kusaidia wengine! Nadharia ni ya kweli. Mtu wa aina hiyo hufurahi akipewa kazi zaidi, kwa hiyo Jumatatu nitamwachia madaftari yangu yote asahihishe.

Mimi nitakuwa na shughuli. Kidato cha tatu bado hawajapimwa, na ng'ombe wetu wawili wamezaa mwezi huu. Mkuu alitaja chai tu. Kuhusu kukamua hakusema neno.