Pimbi Hawapendi Salamu

Jumatatu, 3 Novemba 1997. Kalinzi.
Shule nimemaliza. Baba kasema nisipopata kazi wiki hii, naenda Mwamgongo kuanika dagaa kwa shangazi. Shangazi anayepiga kwa mwiko! Leo Bwana Eliudi, afisa wanyamapori aliyetoka Singida, kauliza nani anawajua pimbi wa miambani, amsaidie kuwachunguza. Nikanyoosha mkono. Jirani yetu Agnesi naye akanyoosha. Tutajaribiwa Alhamisi, mmoja mmoja: pimbi wasikimbie. Agnesi hafungi mdomo. Mimi hata chumvi naona haya kuomba. Wanyama wanapenda ukimya, basi nimeshinda! (Pimbi nimemwona mara moja tu, kwenye mchuzi wa mjomba. Aibu.)

Jumanne, 4.
Nimefika mwambani alfajiri. Kimya. Kumbe pimbi hawatoki mpaka jua liwake. Nikajikalia kwenye jiwe jeupe, zuri. Wakatoka, wanene, kama sungura waliokatwa masikio, wakabanana kuota jua. Mmoja akabaki zamu. Akaniona. Mluzi! Wote ndani ya nyufa. Na lile jiwe jeupe? Choo chao. Ukoo mzima, miaka yote, hapo hapo.

Jumatano, 5.
Wazo! Sketi ya jana sikufua, ninuke kama wao, wanione ndugu yao. Wameota jua mbele yangu! Ila bombani Eufrasia, mkimbizi wa Burundi anayeishi kwetu, kaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimeoza. Foleni nzima ikageuka. Nami nikageuka, kumtafuta mwenye kunuka.

Alhamisi, 6.
Jaribio. Bwana Eliudi kajificha na darubini yake. Pimbi wametoka wote, hadi watoto. Kaninong'oneza kwamba kazi naiweza. Ndipo akapita Mzee Gervasi na jembe begani. Akanisalimia kwa Kiha: Mwakeye! Nikaitikia kwa macho. Akauliza, kwa sauti ya kuita ng'ombe, kama binti wa Bonifasi amekuwa bubu au shule ndiyo imemfundisha dharau. Ningefanyaje? Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa. Mluzi! Mzee akaulizia mama, mbuzi, kahawa. Kila swali, makofi. Mwamba mtupu.
Kazi kapewa Agnesi. Yeye kabla ya jaribio lake la jioni alipita kwanza kwa wazee wote, akawasalimia nyumbani, akawaomba wapite njia ya bondeni.

Ijumaa, 7.
Nimelia. Nimefua sketi. Nimeapa sitajisifia tena nisichokiweza.
Mchana kaja nesi anayechanja watoto wa wakimbizi. Anatafuta mtu wa kuwaita akina mama, mwenye sauti kubwa. Nikamwambia yangu inafika mpaka ziwani.
Akaniomba nirudie. Hakusikia.