Ndoo ya Molte na Roho ya Hilmar

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeazimia! Jumapili hii jirani yangu Hilmar atakaa kwenye benchi la nyumba ya sala, pembeni yangu. Mhubiri alitusihi jana tuwaambie wasioamini ukweli mtupu kuhusu dhambi na wokovu, bila kuuzungusha. Ndugu Brynjulf, anayekaa benchi la mbele yangu, aliitikia kwa kichwa kama yeye ndiye aliyeitunga Injili. Mwaka huu ameshaleta watu wawili ibadani. Mmoja alikuwa mtalii aliyekimbia mvua, lakini yeye kamhesabu.

Nimeanza leo leo. Nimempelekea Hilmar bakuli la molte, zile beri za manjano za kinamasini, na krimu. Molte za mwaka jana, lakini bado zinang'aa kama dhahabu. Kala, kalamba kijiko, kisha kaniuliza zinaota wapi.

Jamani! Hivi mtu anaulizwa swali kama hilo? Mahali pa molte ni siri ya ukoo! Babu yangu alipokuwa anakata roho alimtoa muuguzi nje kwanza ndipo akamtajia baba kinamasi chetu. Nikamwambia Hilmar ni kule kusini, chini ya mlima Storhaugen. Halafu nikaingia kwenye mada: wote wametenda dhambi. Kauliza kama na mimi nimo. Nikasema kwa ujumla, ndiyo.

Ameahidi kulifikiria. Mwanzo mzuri sana.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Hilmar amekwenda Storhaugen kweli! Karudi kaumwa na mbu hadi masikioni, buti moja limejaa tope, ndoo tupu. Nikamwambia pengine ndege wamewahi. Mke wangu Solbjørg alikuwa anaanika nguo. Kanitazama tu, na mimi namjua mke wangu, jicho lake lina maneno mengi kuliko mahubiri.

Jioni nimemwona Brynjulf kwenye uzio wa Hilmar, mkononi sahani ya keki za samaki. Ananiibia mtu wangu mchana kweupe! Solbjørg anasema alimsikia akimweleza Hilmar kwamba dhambi ni kama upungufu kidogo, mtu asijali sana. Upungufu! Huyu bwana anapaka sukari hadi jehanamu. Mimi nitasema wazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesema wazi. Nimemkuta Hilmar kwenye banda la mashua, anapaka rangi. Nikamwambia: unatukana ukijigonga kwa nyundo, na unakata majani kwa mashine Jumapili asubuhi sisi tukiwa tunaimba. Kakubali yote, bila kuacha brashi. Kauliza kama kuna zaidi. Nikasema kubwa kuliko zote ni uongo, lakini hilo, nashukuru, halimhusu. Kasema ni kweli, tangu mkewe afariki hana hata wa kumdanganya.

Moyo uliniuma hapo. Nampenda huyu mzee. Nataka kumwona mbinguni, si kwa ajili ya kumshinda Brynjulf tu.

Ndipo akaweka brashi chini. Kasema yuko tayari kuja Jumapili, lakini anataka jambo moja. "Nikiona unaniambia kweli kwenye dogo, nitakuamini kwenye kubwa. Molte zinaota wapi?"

Roho ya mtu ilikuwa mizanini! Mizani ya milele! Nikafumba macho, nikaomba nguvu, nikamwambia: Storhaugen, ila upande wa kaskazini.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya aibu. Na siku nzuri kuliko zote za kiangazi hiki. Ngoja nipange.

Asubuhi nilimwambia Hilmar nakwenda mjini kwa daktari wa meno. Nikazunguka nyuma ya ghala, nikakatiza msituni hadi kinamasini kwetu. Molte zilikuwa zimeiva! Nimepiga magoti, ndoo mkononi, nachuma kama mwendawazimu. Mara mbwa wa Hilmar kanilamba shingo. Nyuma yake, Hilmar mwenyewe.

Nilichofanya Mungu anisamehe. Nilifumba macho nikaanza kuomba kwa sauti. Nikaombea wamisionari, nikaombea mfalme. Hilmar kavua kofia, kangoja kwa adabu hadi amina. Kisha kauliza, "Jino limepona?"

Kacheka hadi kakaa majini. Mimi sikucheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye tope. Mpango wowote ule ulinitoka kichwani. Nikamwambia, "Hilmar, nimekudanganya tangu Jumatatu. Mwenye dhambi ni mimi. Kama nitaokoka ni kwa kuhurumiwa tu, sina changu cha kuonyesha."

Kajifuta macho. "Sasa nakuelewa," akasema. "Wiki nzima ulikuwa unaizungumzia dhambi kama mtu aliyeisoma gazetini."

Tukachuma pamoja. Aliuliza mengi: kama mtu anasamehewa hata akiwa amechelewa, kama Mungu anachoka. Nilijibu nilichokijua, na nisichokijua nikasema sikijui. Nilirudi nyumbani nikiimba. Ndoo nusu, moyo pomoni.

Jumapili, 10 Agosti

Kaja! Na tai shingoni! Kakaa pembeni yangu hasa. Brynjulf aliimba ubeti mzima akiwa ameshika kitabu juu chini.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, Hilmar kasimama. Kasema bado hajajua aamini nini, ila Ijumaa alisikia kwa mara ya kwanza Mkristo akiitaja dhambi kama mtu anayeijua, na neema kama mtu anayeihitaji. Solbjørg alikuwa analia. Mimi pia. Kisha Hilmar, ambaye hajawahi kudanganya, akaeleza na mahali.

"Ilikuwa kule nyuma ya ziwa dogo," kasema. "Unavuka kijito, unashika kushoto kwenye jiwe lililopasuka."

Sijawahi kuona ndugu wakisikiliza ushuhuda kwa makini vile. Midomo ilikuwa inacheza: ziwa, kijito, kushoto, jiwe. Mhubiri alifunga ibada kwa sala fupi ajabu. Kahawa ilimwagwa. Keki zilibaki mezani, jambo ambalo halijatokea tangu nyumba ijengwe.

Jumatatu, 11 Agosti

Kinamasi cha babu kimevamiwa. Brynjulf alikuwepo kabla ya jua kupanda vizuri, na ndoo kila mkono. Kanisalimia, "Ubarikiwe, ndugu!" Gari la mhubiri limeegeshwa kijitoni.

Lakini Hilmar kapita asubuhi kuazima Biblia! Jumapili anakuja tena. Nimecheza jikoni, Solbjørg kanishika kiuno, tumecheza wote. Nimemwambia mke wangu nimejifunza somo langu: kuanzia leo ni ukweli, ukweli mtupu, ukweli hata unaponiuma.

Mchana nimegundua kinamasi kingine, ng'ambo ya kilima. Hakuna alama ya mguu wa mtu! Nilikuwa natoka getini, ndoo nimeificha ndani ya mfuko wa kwaya, nikakutana na Hilmar, Biblia kwapani. Kauliza naelekea wapi.

Nimemwambia kwa daktari wa meno.

Kanishika bega kwa huruma, kasema ataliombea hilo jino. Sala yake ya kwanza maishani! Bwana asifiwe!