Mke Wangu Hakuuawa, Mhariri

Kwa Mhariri wa gazeti ninalolisoma kila Jumapili hadi matangazo ya vifo,

Mimi ni mzima, na mke wangu pia ni mzima, jambo ambalo gazeti lako limenilazimisha kulieleza mtaa mzima wiki hii.

Kwenye ukurasa wa "Palipotokea Uhalifu: Zamani na Sasa" mlichapisha picha mbili. Ya zamani ni duka la sonara aliyeuawa na majambazi kabla sijaoa. Ya sasa ni saluni ya mke wangu, chumba kilekile. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpiga picha wenu alitaka picha zifanane. Akahamisha viti, akawatoa nje wanawake wawili wenye dawa kichwani, kisha akamwambia mke wangu, "Dada, lala hapo sakafuni kidogo. Marehemu alilalia ubavu." Akalala! Mimi nikimwomba chai hunijibu kwamba jiko halijahama.

2. Mama mkwe hasomi maandishi madogo. Alimwona binti yake sakafuni chini ya neno MAUAJI, akaangua kilio. Kufikia jioni nyumba yangu ilijaa waombolezaji. Nikapiga kelele kwamba mke wangu yuko kazini. Wakaniambia, "Ni mshtuko huo, shemeji. Kaa, unywe maji."

3. Mke wangu aliporudi alimkuta dada yangu, wifi yake ambaye hawasemeshani tangu harusi yetu, akisimulia kwa machozi wema wa marehemu. Akasikiliza mlangoni kwa utulivu. Dada aliponyamaza kufuta kamasi, akamwambia, "Endelea, wifi, ulikuwa umefika kwenye ukarimu wangu." Dada yangu akazimia.

4. Wageni wanaingia saluni kuuliza damu ilifika wapi. Wateja wakikimbia, watoto wetu watasomeshwa na nani? Wewe?

5. Hili ndilo linalonichoma. Kwa nini mnapiga picha uhalifu wa bastola tu? Uwanja wa watoto mtaani kwetu uliuawa mchana kweupe, kwa kalamu. Zamani: magoli mawili. Sasa: maegesho ya magari ya wakubwa. Mhusika bado amekalia kiti kilekile. Mpiga picha wenu asingehitaji kuhamisha hata kikombe. Mlipofika kwake, mlimpiga picha akikata utepe.

Nadai mtangaze ukurasa wa kwanza kwamba mke wangu yu hai, mfute ukurasa huo wa uhalifu, na mpiga picha aje kumwomba radhi mama mkwe, akiwa amelala ubavu.

Nisalimie ofisi nzima, hasa mtunga chemshabongo, ambaye hana hatia.

Wako kwa hasira na adabu,
Mume wa Mwenye Saluni

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua hii. Anasema, "Baba watoto, ole wako!" Kumbe saluni haijawahi kujaa namna hii, wanaokuja kuona alipolala sonara wanaondoka wamesukwa. Basi yafuteni yote hapo juu, isipokuwa la tano. Ila wageni wanataka kupiga picha na maiti, na mke wangu kazi zimemzidi, hana nafasi ya kulala. Kazi hiyo nimepewa mimi. Mwambie mpiga picha wenu aje Jumamosi. Ubavu wangu wa kushoto ndio mzuri.