Kinoo Kilichobonyea

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe ametangaza. Macho yake yamechoka, anataka kukabidhi kiti cha wembe. Jumamosi atakaa kitini yeye mwenyewe: mimi nimnyoe shavu moja, shemeji, mdogo wake mke wangu, amnyoe la pili. Atakayenyoa vizuri ndiye mrithi. Miaka yote hapa kinyozini nimeshika mashine na ufagio, wembe wa kukunja nauona kwa macho tu. Kiti hiki nakitaka.

Kwanza, vinoo. Kila mmoja kapewa jiwe lake la kunolea, yote mawili yamebonyea katikati kama godoro kuukuu. Mzee kayachora mistari ya penseli. Tulisugue jiwe kwa maji kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, hadi mistari yote ipotee. Hapo jiwe limenyooka, na wembe utalala sawasawa.

Mistari ipotee, basi? Mwanangu ana raba nzuri tu kwenye mkoba wa shule.

Jumanne, 4 Machi

Raba imefanya kazi safi. Nilimpelekea mzee jiwe kabla ya chai. Akaweka rula juu yake, mwanga ukapita chini ya rula. Akauliza nimetumia msasa gani. Nikasema wa kawaida. Akachora mistari upya, akikandamiza penseli. Nadhani kasi yangu imemshtua.

Shemeji hajaanza hata. Wateja wamemjaa. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaacha.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kaleta chakula kazini, kakaa uani na mdogo wake wakinong'ona. Baadaye shemeji kavua shati, kasugua jiwe mchana kutwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye visigino. Mimi nilikuwa kivulini, naangalia. Mpango ukajileta wenyewe.

Mawe haya ni kama mapacha. Yanalazwa yamefungwa kitambaa kibichi, langu kwenye mkebe mwekundu, lake kwenye mkebe wa bluu. Shemeji alipokwenda kuoga, nikayabadilisha. Vitambaa sikufungua. Kazi ya namna hii haitaki ukaguzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepumzika. Nimejaribu kukaa kwenye kiti cha wembe wakati mzee hayupo. Kinanifaa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kunoa. Nikafungua kitambaa. Mistari ya penseli, yote, ikanikodolea macho. Nikakaa chini.

Mara shemeji huyo, akanikumbatia. Eti dada yake alimsihi anisaidie, kwa hiyo Jumatano alininyooshea langu kwanza. Leo alitaka kuanza lake, akafungua mkebe akalikuta limeshanyooka! Kumbe nami nilimfanyia yeye kimyakimya? Akasema hajapata kuona shemeji kama mimi. Nikamwambia ni kitu kidogo, sisi ni ndugu. Ningesema nini?

Muda wa kusugua ulikuwepo. Lakini jua lile. Nikafuta mistari kwa mate na kidole gumba, nikanoa hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Shavu la kulia lilikuwa langu. Mwanzoni wembe ulikata. Ulipofika katikati ukaanza kung'oa ndevu. Mzee alishikilia kiti kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka, na mzee huyu hata alipomzika kaka yake hakulia. Shavu la kushoto shemeji alilinyoa likawa laini kama la mtoto. Kisha akalimalizia na langu.

Kiti kimekwenda. Sifichi, niliumia. Nilikwenda uani nikajifanya naosha beseni.

Niliporudi, shemeji alikuwa anamweleza baba yake jinsi nilivyomnyooshea jiwe, eti hajaona mkono kama wangu. Akanikonyeza, sijui kwa nini. Mzee, taulo shavuni, akasema mkono kama huo usipotezwe kwenye kunyoa. Kuanzia Jumatatu vinoo vyote ni vyangu: vyake, na vya vinyozi wenzake wote mjini.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala usingizi wa mfalme. Mkuu wa Vinoo! Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Ni furaha hiyo, mume kapanda cheo. Gunia zima la mawe liko mlangoni, yote yamebonyea, na nikilitazama naona heshima tupu.

Ila mtu mwenye cheo hajichoshi ovyo. Nimejifunga bendeji kwenye kifundo cha mkono. Kesho shemeji akiiona tu, huruma itamshika, atavua shati mwenyewe. Mke wangu kaniuliza mbona nimeifunga mkono wa kushoto na kazi nafanya kwa wa kulia. Nimeihamisha.